Kadi Ina Jina la Nani, na Gari ni la Nani?

ELIMU KWA UMMA
Na Afisa Habari wa Halmashauri

Ndugu mwananchi, askari wa usalama barabarani akikuuliza pikipiki unayoendesha ni ya nani, utamjibu papo hapo. Hakimu akikuuliza swali hilo hilo, huenda ukahitaji wiki mbili za kutafuta karatasi, na mwisho wake ukagundua kwamba karatasi uliyoitegemea sana ina jina la mtu mwingine. Somo letu katika toleo hili linahusu umbali ulioko kati ya majibu hayo mawili.

Migogoro ya vyombo vya moto ni miongoni mwa ile inayofika kwanza kwa Watendaji wa Vijiji na Kata, kabla haijafika polisi au mahakamani. Mara nyingi wanaogombana wote wawili ni wakweli. Mmoja ana kadi yenye jina lake. Mwingine alilipa fedha yake na amekitumia chombo kwa miaka kadhaa mbele ya kijiji kizima. Kila mmoja anaona mwenzake anataka kumdhulumu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaeleza kwamba kuwa na jina kwenye kadi ni jambo moja, na kuwa mwenye mali ni jambo jingine.

Kadi ya usajili hutolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania. Ndani yake mna namba ya usajili, namba ya chasisi, namba ya injini, aina ya chombo, na jina la mtu ambaye Serikali inamtambua kuwa ndiye mwenye chombo hicho. Serikali inahitaji jina hilo kwa sababu zake: kujua nani alipe kodi, nani aulizwe gari likisababisha ajali na dereva akatoroka, nani atafutwe chombo kikikamatwa kimebeba magendo. Kwa hiyo kadi inajibu vizuri sana swali la nani wa kuulizwa. Swali la nani mwenye mali inalijibu kwa kiasi tu.

Tunasema kwa kiasi kwa sababu kadi si karatasi ya kudharauliwa. Mahakama zetu huichukulia kuwa ushahidi wa awali: ambaye jina lake limo ndiye mmiliki, mpaka atokee mwingine na kuthibitisha vinginevyo. Mzigo wa kuthibitisha unamwangukia huyo mwingine. Atakachotakiwa kuonyesha ni namna alivyokipata chombo, kutoka kwa nani, kwa makubaliano gani na kwa malipo gani, na kama aliyemuuzia naye alikuwa na haki ya kuuza.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ndiyo inayotawala jambo hili. Kwa sheria hiyo, umiliki wa kitu mahususi kilichouzwa huhama kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi wakati ule ambao wenyewe wawili walikusudia uhame. Kinachotazamwa ni makubaliano yao, mwenendo wao na mazingira ya biashara yenyewe. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuwa mmiliki halali wa gari leo saa tano asubuhi, ilhali kadi bado ina jina la aliyemuuzia. Sheria hiyo hiyo inasema pia kwamba mtu hawezi kumpa mwenzake haki bora kuliko aliyonayo yeye. Aliyenunua kwa mwizi, hata kama alilipa bei kamili kwa nia njema, kwa kawaida hapati umiliki. Liko tahadhari hapa kwa wenye mali: ukimkabidhi mtu gari, kadi halisi na fomu ya kuhamisha umiliki uliyokwisha kuisaini na kuacha nafasi ya jina wazi, unaweza kuzuiwa baadaye kudai kwamba hakuwa na ruhusa yako ya kuuza, kwa kuwa ni wewe uliyewafanya watu waamini kwamba anayo.

Sheria yetu ina asili yake katika ile ya Uingereza ya mwaka 1893, na Waingereza wenyewe wamelitenga jambo hili waziwazi kuliko sisi. Cheti chao cha usajili, kiitwacho V5C, humtaja mtunza gari aliyesajiliwa, na kimeandikwa bayana kwamba si uthibitisho wa umiliki. Sisi hatuna maneno hayo kwenye kadi zetu, na pengine ndiyo sababu wengi huamini kwamba kadi imemaliza kila kitu.

Kwa wale ambao bado wanaona jambo hili ni la kinadharia, watazame magari ya Halmashauri yenye namba zinazoanza na herufi SM. Dereva hulala na funguo, huliosha, hulijua kila mlio wake, na watoto wa mtaani kwake huliita gari la baba fulani. Hakuna anayedhani ni lake. Kushika chombo, kusajiliwa kwa jina na kumiliki ni mambo matatu, na kwa bahati nzuri mara nyingi huwa kwa mtu mmoja. Mambo huharibika yanapotawanyika.

Pikipiki ya mwalimu

Mwandishi wa makala haya naye hakujifunza somo hili kitabuni. Mwaka wake wa kwanza kazini alinunua pikipiki iliyokwishatumika kutoka kwa fundi mmoja. Fundi alikuwa ameinunua kwa mwalimu mstaafu, na kadi ilikuwa bado na jina la mwalimu. Bei ililipwa taslimu. Mkataba uliandikwa kwenye nusu ukurasa wa daftari, ukataja rangi ya pikipiki na kuacha namba ya chasisi. Tuliahidiana kwenda kubadili jina mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukaja na shughuli zake, na uliofuata vivyo hivyo.

Mwaka wa tatu mwalimu alifariki dunia. Watoto wake walipofungua sanduku lake la karatasi walikuta nakala ya kadi ya pikipiki, wakaiweka kwenye orodha ya mali za marehemu. Kisha wakaja kwangu, wawili, kwa adabu zote, wakanieleza kwamba wamesikia ninayo pikipiki ya baba yao. Niliwaonyesha nusu ukurasa wangu. Mkubwa wao aliusoma mara mbili akaniuliza, tena bila ukali, jina la baba yake liko wapi humo. Halikuwamo.

Aliyeniokoa ni fundi. Yeye alikuwa amehifadhi mkataba aliofanya na mwalimu, umeandikwa vizuri, una namba ya usajili na ya chasisi, sahihi ya mwalimu, na shahidi wake ni mwenyekiti wa kitongoji ambaye bado yu hai. Kwa karatasi ile mnyororo ulikamilika: mwalimu alimuuzia fundi, fundi akaniuzia mimi. Familia iliridhika. Hata hivyo jina lisingeweza kubadilishwa na watoto kwa kuridhika kwao tu. Ilibidi kwanza mahakama imteue msimamizi wa mirathi, ndipo msimamizi asaini kwa niaba ya marehemu. Ilichukua miezi minane, na muda huo wote pikipiki ilikaa ndani. Fundi yule angekuwa mtu wa kuchoma karatasi kila anapohama nyumba, ningekuwa nimebaki na neno langu dhidi ya kadi ya marehemu.

Zamani wenye magari walikuwa na sababu ya kukumbushwa. Kila mwaka kulikuwa na ada ya leseni ya gari, na ukienda kulipa unaona jina lililoko kwenye kumbukumbu. Kuanzia mwaka wa fedha wa 2017/18 ada hiyo ilifutwa na mzigo wake ukahamishiwa kwenye mafuta. Ilikuwa nafuu kubwa, hasa kwa waliokuwa wakidaiwa ada za magari waliyokwisha kuyauza. Lakini tangu hapo mtu anaweza kuendesha gari miaka mingi bila kupata sababu ya kukanyaga ofisi ya mapato, na jina la mwenye zamani likabaki pale pale.

Aliyeuza naye hajapona

Hapa wauzaji wengi hukosea kwa kudhani kwamba akishapokea fedha, kazi ya kubadili jina ni ya mnunuzi, na asipoibadili shauri yake. Siyo. Makosa ya barabarani siku hizi huingizwa kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi kwa namba ya chombo, na kila kosa huwa na namba yake ya malipo. Gari likigonga mtu, wakili wa majeruhi ataanza na jina lililoko kwenye kadi, na mara nyingi atamshitaki mwenye jina pamoja na dereva. Pikipiki ikitumika katika uporaji, mpelelezi atabisha hodi kwanza kwa mwenye jina. Utaweza kujitoa ukiwa na mkataba wa mauziano wenye tarehe. Ukiwa huna, utakuwa unaeleza.

Ndiyo maana mkataba mzuri hutaja hata saa ya makabidhiano. Wengine hucheka wakiona tunashauri hivyo, lakini gari lililouzwa asubuhi linaweza kupata ajali jioni ya siku hiyo hiyo.

Bodaboda ya mkataba

Eneo hili lina machungu kuliko mengine, na linawahusu vijana wengi wa kata zetu. Utaratibu unajulikana. Tajiri hununua pikipiki kwa jina lake, humkabidhi kijana, na kijana huleta fedha kila siku au kila wiki kwa muda waliokubaliana. Muda ukiisha, pikipiki inakuwa ya kijana. Huu ndio mkataba, tofauti na hesabu, ambapo kijana hupeleka fedha ya siku na chombo hubaki cha tajiri daima. Shida ni kwamba mipango hii miwili inafanana kabisa kwa macho. Katika yote miwili kadi ni ya tajiri, kijana ndiye anayeendesha, na fedha huenda upande mmoja. Siku wanapokosana, tajiri atasema ilikuwa hesabu, kijana atasema ulikuwa mkataba, na kama hakuna maandishi, kadi itamsemea tajiri.

Kwa mujibu wa sheria tuliyoitaja, umiliki utahama pale walipokusudia uhame, na kwa kawaida katika mpango wa namna hii hilo ni pale malipo ya mwisho yanapokamilika. Kabla ya hapo kijana ana haki za kimkataba, lakini bado si mmiliki, na hana ruhusa ya kuiuza wala kuiweka rehani. Baada ya hapo yeye ndiye mwenye mali, hata kama tajiri anasuasua kusaini. Lakini athibitishe vipi kwamba amemaliza? Daftari linalokaa kwa tajiri peke yake halimsaidii. Kila malipo yapitie benki au simu, au yaandikwe kwenye madaftari mawili yanayosainiwa na wote. Ujumbe wa simu hupotea simu inapopotea, kwa hiyo ni busara kuomba taarifa ya miamala mara kwa mara na kuihifadhi.

Maandishi ya mkataba wenyewe yaeleze mambo ambayo kwa kawaida huachwa kwa kuaminiana. Jumla ya fedha ni kiasi gani, na siku za ugonjwa au matengenezo makubwa zinahesabiwaje? Pikipiki ikiibwa katikati, hasara ni ya nani, na bima italipwa kwa nani? Tajiri akifariki, familia yake itafungwa na makubaliano haya? Na lipo moja ambalo tungependa lisikosekane katika mkataba wowote wa bodaboda ndani ya Wilaya hii: siku ngapi baada ya malipo ya mwisho tajiri atasaini fomu za kuhamisha umiliki, na gharama za kuhamisha atazibeba nani. Tumeona vijana waliomaliza kulipa wakiambiwa warudi mwezi ujao, na mwezi ujao tajiri amekwisha kuuza kwa mwingine mwenye kadi mkononi.

Ndoa na mirathi

Sheria ya Ndoa, Sura ya 29, inasema kwamba mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mume au mke itachukuliwa kuwa ya huyo mwenye jina. Na iliyoko kwa majina ya wote wawili itachukuliwa kuwa yao kwa mafungu sawa. Dhana zote mbili zinaweza kupingwa kwa ushahidi. Kwa hiyo mama aliyetoa fedha za mavuno yake kununua gari lililoandikwa jina la mume hajapoteza haki kwa sababu ya kadi, lakini atatakiwa kuonyesha mchango wake. Stakabadhi za kuuza mazao, taarifa ya benki, au mashahidi waliokuwapo wakati wa kununua, vyote hivyo vina uzito.

Katika mirathi, kosa la kawaida ni ndugu kuuza gari la marehemu baada ya kikao cha ukoo. Kikao cha ukoo kina nafasi yake, kwa kuwa ndicho kinachopendekeza msimamizi. Lakini muhtasari wa kikao haumpi mtu mamlaka ya kuuza. Mamlaka hayo hutoka mahakamani, na kwa mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu, Mahakama ya Mwanzo ndiyo ya kuanzia. Anayenunua gari la marehemu aombe kuona barua ya usimamizi iliyotolewa na mahakama, na asaini na msimamizi mwenyewe. Akisaini na mtoto mkubwa tu, ajue kwamba wadogo zake wanaweza kuja.

Unaponunua

Kabla ya kutoa fedha, linganisha namba ya chasisi na ya injini iliyoko kwenye chombo na ile iliyoko kwenye kadi. Usisomewe, soma mwenyewe, na kama kutu imeifunika namba, ifute. Uliza katika ofisi ya TRA kama kumbukumbu zao zinalingana na kadi unayoonyeshwa, na angalia madeni ya faini kwa namba ya chombo. Anayeuza akiwa siye mwenye jina, mwombe mkataba uliompa yeye haki. Akikujibu kwamba hakuna shida, hapo ndipo penye shida. Akisema kadi imepotea, akuonyeshe taarifa ya upotevu ya polisi. Kadi huenda iko benki, kwa kuwa gari lililonunuliwa kwa mkopo mara nyingi huandikwa jina la mkopeshaji pamoja na la mkopaji, na kadi halisi hubaki kwa mkopeshaji hadi deni liishe. Gari la kampuni nalo haliuzwi na mkurugenzi kama mali ya mfukoni mwake. Omba uamuzi wa kampuni kwa maandishi.

Mkataba uandikwe majina kama yalivyo kwenye kitambulisho cha Taifa, namba zote tatu za chombo, bei na namna ilivyolipwa, tarehe na saa ya kukabidhiana, na nani atabeba faini za kabla ya saa hiyo. Mtendaji au mwenyekiti anaweza kuwa shahidi, lakini muhuri wake hauthibitishi kwamba muuzaji ni mmiliki. Unathibitisha tu kwamba watu hawa walisaini mbele yake. Kwa chombo chenye thamani kubwa, tafuta wakili. Mkataba ulipiwe ushuru wa stempu, kwa kuwa bila huo mahakama haitaupokea kuwa kielelezo mpaka ushuru na adhabu yake vilipwe. Kisha nendeni TRA wote wawili mkiwa na namba zenu za mlipakodi, vitambulisho, mkataba na kadi halisi. Viwango vya ada hubadilika na sheria ya fedha ya kila mwaka, hivyo ulizeni vya siku hiyo dirishani badala ya kutegemea vya jirani aliyebadilisha zamani.

Familia isiyomudu wakili isikate tamaa. Wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata atawaelekeza waliko.

Kwa vikundi vilivyokopeshwa

Mwisho, neno kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyonufaika na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri. Vikundi vingi vya vijana hununua pikipiki au bajaji. Kwa haraka ya kuanza kazi, chombo husajiliwa kwa jina la mwenyekiti au mweka hazina, kwa sababu ndiye mwenye namba ya mlipakodi. Kikundi kizima kinalipa marejesho, lakini mbele ya Serikali chombo ni cha mtu mmoja. Akihama, akifariki, au akifungiwa mali kwa deni lake binafsi, wenzake watakuwa na kazi kubwa ya kueleza.

Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuomba namba ya mlipakodi kwa jina lake, na chombo kikaandikwa hivyo tangu siku ya kwanza. Kwa vikundi ambavyo vyombo vyao tayari viko kwa majina ya wanachama, andaeni tamko la maandishi ambamo mwanachama huyo anakiri kwamba amesajiliwa kwa niaba ya kikundi, ambatisheni muhtasari wa kikao ulioamua kununua na uthibitisho wa fedha kutoka akaunti ya kikundi, kisha anzeni taratibu za kuhamisha. Nakala moja ibaki kwenye jalada la kikundi katika Ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya Kata, na nyingine ikae kwa mwanachama ambaye si kiongozi.